Skrini ya Mkono wa Kulia

Mama Nakala amewaandikia watu maneno yao tangu enzi za taipureta, na namheshimu kwa sababu hiyo. Alijifunza kazi kwenye chombo ambacho kikikwama unaona kilipokwama: vidole viwili vya chuma vimekumbatiana, unavitenganisha, unaendelea. Chombo cha siku hizi kikikwama kinakuonyesha kiduara kinachozunguka, na wewe na akili zako unakaa unakitazama.

Duka lake ni chumba kimoja kinachoelekea barabarani. Mna kompyuta ya zamani ambayo boksi lake limegeuka rangi ya chai ya maziwa, printa kubwa, benchi la wateja, na feni moja iliyovunjika shingo ikafungwa kamba, hivyo upepo wake unakwenda upande mmoja tu. Upepo huo ndio uliowatenganisha ndugu wawili wa tumbo moja.

Zamani walikaa meza moja, Mama Nakala kushoto, mdogo wake kulia, kila mmoja na skrini mbele yake, zote mbili zikitoka kwenye boksi lile lile. Mkubwa alichapa. Mdogo alisimamia printa na mambo ya ndani ya mashine, na akihitaji kipanya alikichomoa mkononi mwa dada yake bila hodi. Waliishi hivyo miaka, wakivutana kipanya na kucheka. Kisha ikaja siku ya joto, mdogo akasema feni igeuzwe kidogo na yeye apumue. Mkubwa akasema ikigeuzwa huko itapeperusha karatasi. Kufika alasiri mdogo alikuwa amebeba skrini yake, maana aliinunua mwenyewe, na baada ya wiki chache akafungua duka kama hilo hilo ng'ambo ya barabara, mlango kwa mlango. Waya wa skrini alinyimwa.

"Waya ni wa mashine," alisema mkubwa.

Basi waya ukabaki umechomekwa kwenye boksi, ncha ya pili ikining'inia nyuma ya meza. Na kwenye kibao cha nje, palipoandikwa DADA WAWILI, HUDUMA ZA UCHAPAJI, neno WAWILI likapakwa rangi isiyofanana na kibao.

Watu wa zamani walikuwa wakigombana wanagombana kweli. Majirani wanaitwa, kikao kinakaa, jioni wanakula sahani moja. Hawa walinuniana kupitia dirishani, kila mmoja akichungulia wateja wa mwenzake. Mwaka ukakatika.

Siku ninayoisimulia nilikuwa nimekwenda kuchapiwa barua yangu ya gazetini, inayohusu watu wa siku hizi wasivyojua kusubiri. Nikamkuta Mama Nakala ameinamia printa kama anaisikiliza mapigo. Mwalimu mkuu wa shule ya jirani alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, kesho asubuhi wazazi watakuwa wameshakaa kwenye viti," alisema. "Vyeti visipotoka hapa, mimi navuka tu, nakwenda kwa mdogo wako."

Hakuwa na nia mbaya, lakini Mama Nakala alishika ukingo wa meza.

"Havuki mtu," alisema. "Vitatoka."

Mwalimu alipoondoka, aliitwa fundi wa kompyuta, kijana tunayemwita Daktari kwa sababu ya mkoba wake na kwa sababu hajawahi kumkuta mgonjwa mwenye ugonjwa mdogo. Alikaa, akabofya apate dirisha la printa. Kimya. Akajaribu lile linaloonyesha mashine inafanya nini. Kimya. La mipangilio, kimya vilevile. Kila alipobofya, chini ya skrini palitokea kialama cha kusema jambo limefunguliwa, na juu hapakuonekana kitu.

"Inasema imefungua," alisema.

"Imefungua wapi?" aliuliza Mama Nakala.

"Ndicho ninachojiuliza na mimi, mama."

Akaizima, akaiwasha, akayabofya tena yote. Mambo yale yale.

"Na kipanya hiki mbona kinapotea?"

"Kimezeeka. Kikifika ukingo wa kulia kinazama, ukikivuta taratibu kinarudi. Mwaka mzima sasa."

Daktari alitikisa kichwa kwa huzuni iliyomfaa. "Virusi. Hapa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Siku mbili."

"Siku mbili na watoto wanapewa vyeti kesho?"

"Au tuyatoe majina kwenye flashi, ukachapishe hapo ng'a..."

Mama Nakala alimwangalia. Daktari akasogeza kiti nyuma, sentensi akaimeza.

Nilitoka kunyoosha magoti. Ng'ambo, mdogo mtu alikuwa amesimama mlangoni kwake, na kwa shingo ilivyokuwa ndefu, alikuwa hapo muda mrefu.

"Mzee, hapo kwenu kuna msiba?"

Nikavuka nisilazimike kupaza sauti. "Printa imegoma, na madirisha ya kuitengeneza hayafunguki."

"Hayafunguki au hayaonekani?"

"Kwangu mimi dirisha lisiloonekana halijafunguka."

"Kipanya je?"

"Kinazama mkono wa kulia."

Alitaka kucheka, akajizuia, akauliza polepole, "Ule waya bado unaning'inia pale nyuma?"

"Unaning'inia."

"Basi mashine inadhani bado nipo," alisema. "Mambo ya ndani nilikuwa nayafungulia kwenye skrini yangu, na yenyewe imeyazoea huko. Inaniwekea. Ichomekewe skrini hii, utayaona yote yamejazana."

"Haya, nipe niipeleke."

"Aje aombe mwenyewe."

Nikarudi na ujumbe. Mama Nakala akasema, "Mwambie siombi." Nikavuka nao. Mdogo akasema, "Mwambie basi." Nilipofika katikati ya barabara magoti yalikataa, pikipiki ikanipigia honi, na nikaona kwa umri wangu sikuzaliwa kuwa simu.

"Mimi mwisho wangu hapa," nikasema. "Semeni wenyewe."

Mama Nakala akatoka kizingitini. Alinitazama mimi.

"Mzee, mwambie naomba."

"Mzee, mwambie sikusikia vizuri," alisema mdogo, na barabara yenyewe ukitema mate yanavuka.

"Mwambie masikio yake yako hivyo tangu utotoni."

"Mwambie ni kwa sababu ya makelele yake."

Kazi ya kupeleka nilishaiacha. Mama Nakala alifunga tena khanga kiunoni, ambayo haikuwa imefunguka.

"Mwambie," alisema, na sauti ikashuka, "vyeti vya watoto wa watu vimekwama na mimi sijui pa kushika. Nilikuwa simuulizi anavyofanya, kwa sababu alikuwepo. Naomba."

Mdogo mtu aliingia ndani. Akatoka ameibeba skrini kifuani kama mtoto aliyelala, akanipita bila kuniangalia.

"Sikuja mimi," alisema mlangoni. "Nimeisindikiza skrini."

"Karibu, skrini," alijibu dada yake.

Waya ukachomekwa. Skrini ikapepesa, na hayo hapo madirisha ya Daktari, yote, yamelaliana kama sahani. Juu yake palikuwa na kijidirisha kidogo chenye swali: karatasi iliyowekwa si saizi iliyoagizwa, je, tuendelee? Ndiyo au hapana. Kumbe mashine ilikuwa inauliza tangu asubuhi, ikasubiri jibu kwa adabu, imeelekea ukutani. Katika mtaa huu ni hiyo peke yake iliyobaki na malezi.

Daktari alikuwa anafunga mkoba. "Nilijua ni kitu kidogo."

"Ulisema virusi," nilimwambia.

"Virusi navyo ni vidogo, mzee."

Mdogo mtu akakichomoa kipanya mkononi mwa dada yake bila hodi, akabofya ndiyo. Printa ikakohoa, cheti cha kwanza kikatoka. Kisha akaanza kuyakokota madirisha moja moja kwenda kushoto.

"Nakuhamishia upande wako," alisema, macho kwenye skrini. "Nikimaliza naondoka na waya, isidanganyike tena."

Mama Nakala alisimama, akaifungua kamba ya feni, akaigeuza shingo kuelekea kulia, akaifunga upya kwa fundo imara. Papo hapo cheti cha kwanza kiliruka kikaangukia chini ya benchi. Mdogo alikiokota, akakirudisha, akakiwekea mashine ya kubana karatasi juu yake. Hakuna aliyesema nilikwambia. Dirisha la mwisho aliliacha pale pale kulia.

"Vuta kiti," alisema mkubwa. "Vimebaki vingi."

Benchi la wateja halikupata upepo hata kidogo. Niliwakumbusha kuhusu barua yangu, mara moja tu, kwa upole. Wote wawili, kwa pamoja, bila kugeuka, waliniambia nisubiri.