Kidonda Kilichonipeleka Kisarawe Kufuata Kuku

Jamani mliokaa hapo, hebu sogeeni nafasi ipatikane. Nimerudi kutoka Kisarawe, na mguu wangu ninao. Nasema hivyo kwa sababu kidogo niukose.

Wakati wa palizi nilijikata na jembe. Kidonda kikagoma kufunga. Kikakaa mwezi, kikakaa wa pili, mpaka hapa Janga watu wakawa wanakijulia hali kidonda kwanza, mimi baadaye.

Nikaenda zahanati, kule Kibaha. Daktari binti mdogo, ana adabu. Shikamoo, marahaba. Akanifunua kope, akaniminya mkono.

"Baba, mwili hauna protini. Kidonda kitajifunga na nini? Kunywa maziwa, kula mayai, maharage, karanga, dagaa."

"Mwanangu, hao wote uliowataja ni maadui zangu."

Nikamweleza. Maziwa nikinywa kikombe kimoja, tumbo linanguruma mpaka majirani wanaanua nguo, wanajua mvua hiyo. Yai nikila nawashwa, najisugua mgongo ukutani. Nyumba yangu imeinama upande mmoja, na ni mayai mawili tu yale. Karanga zinanivimbisha midomo. Dagaa, macho. Maharage nisiyaseme, hapa kuna watoto. Binti akaandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima nyingine.

"Na kuku?"

"Kuku tunapatana sana. Ila wangu wote wamekwisha kwa ugonjwa wa kideri."

"Watafute, baba. Nakupa wiki tatu. Kisipoanza kufunga, nakuandikia hospitali kubwa wakakikwangue."

Kukwangua mimi nakujua kwenye ukoko wa wali. Nikaaga haraka.

Kesho yake alfajiri nikatoka Janga. Nina mdogo wangu, Mwanaidi, kaolewa Kisarawe, na kuku wake ni wengi hata jogoo likiwika moja, mengine yanasubiri foleni.

Saa mbili nipo kituo cha Kwa Mathias, njaa inaniuma. Kijana kanijia na beseni. "Mzee wangu, yai la kienyeji hilo!"

"Halinitaki."

"Karanga basi."

"Hizo ndiyo zinanichukia zaidi."

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, umegombana na chakula chote? Nunua maji basi."

Nikanunua maji. Ndiyo chai yangu ya asubuhi.

Kiluvya nikapanda bodaboda inayokata kwenda Kisarawe. Vilima vya njia ile vimesimama wima, mpaka kuna mahali nilikiona kivuli changu kimeshuka, kinatembea kwa miguu.

Mchana nikafika. Mwanaidi akapiga yowe. "Kaka! Umebaki suruali tu!" Nikamwambia, nimekuja kutibiwa na kuku. Hakungoja nimalize, kakamata jogoo, kaingia jikoni. Chakula kikaja, mchuzi mzito, unang'aa, unanukia. Nikala kama niliyetoka kifungoni. Tonge la nne, midomo ikaanza kukua. Shemeji ananiuliza habari za Janga, mimi nashindwa kukutanisha mdomo wa juu na wa chini.

"Mwanaidi, umetia nini humu?" Hilo nililisema kwa mikono.

"Karanga, kaka. Mgeni wa heshima nimpe kuku mtupu?"

Uvimbe ulipopungua nikamwambia, karanga nilikwambia tangu tuko wadogo.

"Nilijua unaringa!"

Miaka arobaini dada yangu ananiona naringa.

Siku nane zilizofuata ikawa supu ya kuku, chumvi na ndimu, basi. Kuku wa Kisarawe wakiniona wanaagana. Siku ya sita kidonda kikaanza kukauka pembeni. Naondoka, Mwanaidi kanifungia majogoo matatu kwenye tenga, nikamalizie dozi nyumbani.

Jioni nikashuka Janga, natembea na tenga langu kichwani. Njiani kasimama Masanja, jirani yangu, Msukuma mwenye ng'ombe na mbuzi. Sasa mnajua, mimi Mzaramo, yeye Msukuma, ni watani. Mtani akichukua kitu chako kachukua, na ukinuna umeharibu wewe.

"Mtani! Asante kwa kuniletea kuku," akashika tenga.

"Masanja, hiyo dawa yangu! Naumwa!"

"Hata mimi naumwa. Naumwa njaa."

Akaenda nalo. Nikabaki nacheka, kwa sheria ya utani, huku machozi yananitoka. Saa moja haijapita, mkewe, Mama Kulwa, yuko mlangoni na dumu. "Shemeji, mtani wako amesema pole na mguu." Maziwa, lita tano. Nikayatazama, nayo yakanitazama.

Asubuhi nimeamka na wazo. Nikachukua kamba, nikachechemea hadi zizini kwa Masanja, nikachagua beberu lililonona, nikalifunga shingoni.

"Mtani, unafanya nini?"

"Nachukua dawa yangu."

Masanja akafungua mdomo, akakumbuka utani, akaufunga. Kisha akacheka, kicheko chenyewe chembamba. Nikala supu ya mbuzi asubuhi, mchana na jioni. Wiki iliyofuata nikarudi na kamba ileile.

Wiki ya tatu, zahanati. Binti kafungua bandeji, kakuta kidonda kimefunga. "Baba! Umetumia nini?"

"Mtani."

Akaandika.

Nilichojifunza ni hiki: tumbo lako kama lina mambo yake, litangaze kabla sufuria haijainjikwa, na ulitangaze tena na tena. Ukinyamaza watu watakupikia heshima mpaka ikuue.

Kutoka zahanati nikapita kwa Masanja nimshukuru. Nikapandisha suruali nikamwonyesha kovu. Akaliangalia. Halafu akauangalia mguu wa pili, akauangalia sana, akageukia ndani akapiga kelele:

"Mama Kulwa, funga zizi! Mtani kapona mguu mmoja, bado anao mwingine!"