Siku Tatu Bila Moshi

Hasnawiah alikuwa dobi, na kama kulikuwa na mtu aliyejua siri za mji wa Tanjung Labuana kuliko imamu na polisi, basi ni yeye. Nguo hazifichi. Alijua nani kalala kwa nani, nani kaanza kutema damu kwenye leso, na nani kapandishwa cheo, maana kola zake zimeacha kuwa nyeusi.

Hakuzaliwa dobi. Yeye na mumewe, Daeng Matutu, walikuwa na shamba la karafuu kwenye mteremko nyuma ya kijiji, na kampuni ya nikeli ilipofika, yeye ndiye aliyemshawishi mzee auze.

"Karafuu inazaa mara moja kwa mwaka, Daeng," alimwambia. "Vyumba vya kupangisha vinazaa kila mwezi."

Daeng akatia dole gumba kwenye karatasi. Shamba likawa shimo jekundu, kijiji kikawa mji, na mji ukajaa vijana kutoka kila kisiwa waliokuja kuyeyusha mawe. Vijana hao walijua kila kitu isipokuwa kufua. Hasnawiah akaanza na beseni moja. Miaka minane baadaye alikuwa na mashine sita zinazonguruma kutwa kucha.

Nikeli ya Labuana huenda kwenye betri za magari ya umeme. Hayo aliyasoma kwenye bango kubwa la barabarani lenye picha ya jani la kijani na maneno NISHATI SAFI KWA DUNIA. Nyuma ya bango yalisimama mabomba saba ya moshi, kwa sababu tanuri la nikeli hula umeme kama jini, na umeme wa Labuana ulichemshwa kwa makaa ya mawe. Ukifuta meza asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu yake kwa kidole. Uji wa sago ulikwaruza menoni. Mtu akipenga kamasi, anaangalia leso na kugeuza uso. Nguo Hasnawiah alizianika ndani, chini ya feni, kwenye vyumba viwili ambavyo angeweza kupangisha, na bado wateja walinung'unika kuwa zinanuka kama mbwa aliyenyeshewa.

Siku moja akaja binti mmoja kutoka ofisi ya uhusiano ya kampuni, jina lake Wening, Mjawa wa kisiwa cha mbali, mwenye sauti laini na viatu visivyofaa kwa tope lile. Nyuma yake gari lilishusha marobota ya vitambaa vya meza, mia na ishirini, vyeupe pe.

"Mama, Ijumaa tuna wageni wakubwa kutoka nje," alisema. "Kongamano la nishati safi. Tunataka vitambaa ving'are."

"Ving'are hapa Labuana?" Hasnawiah alicheka. "Mwanangu, hapa hata maiti tunamzika na sanda ya kijivu."

Wening naye alicheka, kidogo, akiangalia pembeni. "Halafu Mama mwenyewe tunakualika. Utasema maneno mawili kuhusu maisha yako yalivyobadilika. Wewe ni mfano mzuri."

Alivifua mara moja, vikatoka na ukungu. Akavirudia kwa dawa ya kung'arisha mpaka vidole vikamchubuka, akavianika ndani na kuziba madirisha kwa mataulo. Vikakauka na rangi ya meno ya mvuta sigara. Alilala Jumanne akiwa na hakika ataumbuka.

Jumatano asubuhi aliamshwa na makelele ya jirani yake Tenri, aliyezoea kumwita kwa jina la bintiye.

"Mama Besse! Mama Besse, toka nje uone! Kisiwa kimerudi!"

"Kilikuwa kimeenda wapi?"

"Toka nje basi!"

Akatoka. Ng'ambo ya ghuba kisiwa kilikuwa kimekaa mahali pake, na minazi yake, na mchanga wake, kana kwamba hakijawahi kupotea. Alikuwa hajakiona vizuri kwa miaka minne. Mbingu ilikuwa buluu. Mabomba saba yalisimama kama magogo tu, bila hata uzi wa moshi, na barabarani malori ya maji yalikuwa yakilaza vumbi.

"Yameharibika?" aliuliza.

"Wapi! Mume wangu anasema wameamriwa kuyazima mpaka wageni waondoke. Ijumaa jioni wanawasha." Tenri alikuwa akicheka kwa furaha, tayari ana magodoro mawili kichwani ya kuyatoa juani. "Twende tuanike, mwenzangu, neema hii haina siku nyingi!"

Hasnawiah alivifua vitambaa mara ya tatu na kuvianika uani. Saa tisa vilikuwa vyeupe hata macho yanauma. Akasimama katikati ya kamba, na badala ya kufurahi, akageuka akayakodolea macho mabomba saba.

Kumbe wanaweza.

Miaka yote, katika kila mkutano, waliambiwa moshi hauzuiliki. Kwamba tanuri likizimwa linapasuka, dunia inasubiri betri, wawe na subira. Watoto walikohoa wakaambiwa ni msimu wa mafua. Na sasa, kwa ajili ya watu waliokuja kula chakula cha mchana, moshi umeondolewa kama sahani chafu mezani.

Ijumaa alivaa baju yake ya hariri, akaketishwa mstari wa mbele kwenye hema lenye viyoyozi. Alikula kamba wakubwa waliookwa, akaongeza. Hilo lilimkera baadaye kuliko yote, kwamba alikula na akaongeza. Kisha akaitwa. Wening akasimama kando yake ili kutafsiri.

Hasnawiah alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi ni dobi," alisema. "Vitambaa mnavyolia chakula nimevifua mimi. Nimevianika nje, kwa mara ya kwanza tangu mabomba ya mwisho yajengwe. Nina swali moja tu kwa wakubwa. Leo jioni mtawasha saa ngapi? Nataka niwahi kuanua nguo zangu."

Wenyeji waliokaa nyuma walitazamana. Wening aligeukia wageni, akasema maneno marefu kwa Kiingereza kwa sauti yake ile laini. Wageni wakatabasamu. Mmoja akafuta jicho. Wakapiga makofi wakiwa wamesimama, na mkurugenzi mwenyewe akamkabidhi Hasnawiah ufunguo wa pikipiki ya umeme, yenye utepe.

Moshi ulirudi saa kumi na mbili na robo.

Baada ya wiki moja bintiye, Besse, mwalimu huko Makassar, alimpigia simu. "Mama, umesema nini kwenye video ile ya kongamano?"

"Nimewauliza watawasha saa ngapi."

"Maandishi chini yanasema, 'Naishukuru kampuni, sasa nguo zangu zinakauka chini ya anga safi.' Watu wanaisambaza, Mama. Wanakuita mama wa nishati."

Hasnawiah alikwenda mpaka ofisini, akamkuta Wening na sanduku la chakula mbele yake, hajaligusa.

"Umenitia uwongo mdomoni, mwanangu."

"Mama, ningesema vile ulivyosema, kesho ningekuwa kwenye boti ya kurudi kwetu," alinong'ona. "Nina wazazi."

"Na mimi nina mapafu."

Binti alianza kulia. Hasnawiah alimtazama akitafuta huruma moyoni mwake, akakuta kinyaa tu, kile cha mtu aliyeinua kifuniko cha chungu kilichosahauliwa. Akaondoka bila kuaga.

Alipofika nyumbani alianza kuikokota pikipiki. Daeng Matutu, aliyekuwa ameizoea kwendea msikitini, alimzuia mlangoni.

"Unakwenda nayo wapi?"

"Nawarudishia wenyewe. Sitaki uchafu wao uani kwangu."

Mzee alisogea kando taratibu. Hakupandisha sauti. "Pikipiki unairudisha. Na shamba je, utalirudisha lini?"

Hasnawiah alisimama na usukani mkononi. Katika miaka yote Daeng hakuwahi kumtamkia neno lile, naye Hasnawiah alikuwa amejidanganya kuwa mzee amesahau. Akaikokota hivyo hivyo mpaka getini kwa kampuni, machozi na vumbi vikimchora mashavu. Mlinzi akamwambia, "Mama, iegeshe vizuri basi, unaziba njia ya malori."

Kazi ya kampuni haikuja tena. Daeng alikula peke yake siku nyingi, kisha usiku mmoja akamsogezea sahani ya samaki, na wakaendelea kuishi.

Siku hizi Hasnawiah anafua mashuka ya zahanati. Ndiko kazi iliko. Yanakuja na makohozi yaliyokauka, meusi kama wino, naye huyaloweka kwa chumvi kabla ya sabuni, uso ameugeuzia kando. Mwaka jana walimletea robota moja kwa wiki. Sasa wanaleta manne, na amelazimika kununua mashine ya saba.