Mlamba Mawe

Juzi, kwenye maonyesho ya mawe ya thamani katika hoteli moja hapa Bukavu, bwana mmoja mwenye tai aliokota jiwe la kijani, akatoa ulimi, akalilamba. Papo hapo nikasikia harufu ya maharagwe ya mama.

Nilikuwa mtoto mdogo, na mchana mmoja mvua ilipiga mabati ya nyumba yetu. Tonton, kaka yake mama, alikuwa amekuja kutoka machimbo ya Kamituga na jiwe moja zuri alilolichimba mwenyewe. Mnunuzi aliyenukia manukato alikaa sebuleni kwetu akililamba kama mbuzi aliyeona chumvi. Nikakimbilia jikoni.

"Maman, ule papa, ule baba mugeni, iko na njaa! Anakula libwe, ile jiwe ya Tonton!"

Mama alicheka, lakini akampelekea fufu, ugali wa muhogo, na maharagwe. Akala yote, akajifuta mdomo, akatia jiwe mfukoni.

"Naenda kulipimisha, ndugu yangu. Kesho narudi."

Tonton alimngoja mpaka matope ya Kamituga yakakauka kwenye buti zake; mtu yule hakurudi.

Siku hizi najua: jiwe likilowa, rangi yake hujitokeza. Eti ni utaalamu. Nilimtazama yule wa hotelini, kitambi mezani, ulimi nje, nikaona utotoni sikukosea. Ilikuwa njaa.