Kujifunza Kushtuka

Mama alianza kuangusha kifuniko cha sufuria wiki ile majirani zetu walipohama mtaa wetu wa Katuba bila kuaga. Walikuwa watu wa Kasai, kama sisi. Tangu Katanga ijitenge na Kongo, vijana walipita barabarani wakiuliza kila mtu ametoka wapi, na nyumba za watu wetu zilikuwa zimeanza kuchomwa. Mama alisema mtu anaweza kuchunga ulimi siku nzima, lakini akishtuka ataita kwa lugha ya nyumbani. Basi akanifundisha kushtuka.

Nimeinama juu ya hesabu zangu, pwaa! Kifuniko kwenye sementi.

"Mamu wanyi!" nikapiga kelele: mama yangu, kwa lugha ya kwetu.

"Tena! Tena Tshiluba! Sema kwa Kifaransa, *mon Dieu*. Unapenda batuunguze juu ya kinywa yako?"

Baba alikuwa mlangoni akinyoa ndevu. "Wewe utamuua mutoto na moyo," alimwambia, "mbele ya bale bantu kufika."

Mama hakucheka. Pwaa!

Kila asubuhi nilienda shuleni kwa miguu. Njiani nilitaja vitenzi vya Kifaransa kimoyomoyo, *je suis, tu es*, mpaka lango la shule ya masista, na nikikosea nilianza upya, kana kwamba nikivimaliza vyote hakuna atakayenisimamisha. Shuleni Kifaransa tu kiliruhusiwa. Aliyeteleza alivishwa shingoni kibao chenye kamba, akakivaa mpaka amkamate mwenzake. Jioni, yule wa mwisho kukivaa alifagia darasa na kwenda nacho nyumbani hadi kesho yake, na masista wakaandika daftarini ni lugha gani aliyoisema. Wenzangu walichukia ufagio. Mimi niliogopa daftari. Neno moja tu, Tshiluba, mbele ya jina langu, na shule nzima ingejua sisi ni nani.

Kwa hiyo sikusema. Tukitoka lango wasichana walinizunguka: "Ee Bubu, ulimi uliikula na bukari?" Kana kwamba ulimi ni kitoweo cha ugali. Niliinamisha kichwa. Heri bubu.

Alhamisi moja kibao kilikuwa shingoni mwa msichana niliyekaa naye benchi moja. Baba yake alikuwa askari wa serikali mpya ya Katanga. Kila jioni alikuja kumchukua na bunduki begani. Tulikuwa katikati ya imla. Ghafla mlipuko ulilia upande wa mjini, madirisha yakatetemeka, darasa zima likapiga kelele na kuingia chini ya meza. Katikati ya kelele hizo nilisikia sauti yangu mwenyewe.

"Mamu wanyi!"

Mwenzangu wa benchi alikuwa chini ya meza pamoja nami, uso wake karibu na wangu. Alinitazama. Niliona amesikia.

Tuliporudi kukaa alivua kibao, akanivisha mimi. Nitaandika ukweli: nililowesha sketi kidogo. Imla iliendelea, lakini sikuandika kitu. Nilifikiria petroli na kiberiti, na mama akitafuta viatu vya baba ili tukimbie.

Jioni sista alifungua daftari. "Alisema lugha gani?" aliuliza, akimtazama yule msichana. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Kiswahili, *ma sœur*."

Sista akaandika.

Nilipokuwa nafagia, msichana alirudi, akajifanya anatafuta rula. Alisema kwa sauti ndogo sana:

"Usirudilie. Siku ingine kibao itakuwa kwa shingo ya mwingine, na ule atasema kweli."

Alikuwa amesema Kiswahili ndani ya darasa, mbele ya mwenye kibao. Ningeweza kumvisha palepale. Nilishika kamba, nikaiachia, nikaendelea kufagia. Nje, baba yake alikohoa langoni, naye akakimbia.

Nyumbani nilificha kibao ndani ya nguo, nikakaa na vitabu vyangu. Pwaa!

Sikutoa sauti yoyote. Kalamu tu ilitoboa karatasi.

"Aa, sasa unajua," mama alisema. "Muzuri, mutoto wangu."

Nilitaka kumwambia kwamba iko mtu anajua, na kwamba mtu huyo sasa hivi anakula bukari meza moja na askari.  Mama aliokota kifuniko, akakipangusa kwa kitenge chake, kisha akakiangusha tena, ili awe na hakika.