Gari Lililovuka Mstari

Mwalimu wa fizikia wanafunzi walimwita Andikeni, kwa kuwa hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza akiingia darasani na la mwisho akitoka. Wiki hiyo roho ilikuwa juu. Mkaguzi alikuwa anakuja, na cheo cha mkuu wa idara, alichokimezea mate miaka mingi, kilitegemea somo moja tu: jinsi lastiki iliyovutwa inavyolipatia gari dogo nishati ya kwenda.

Basi wakafanya mazoezi mpaka wakachoka. Lastiki ilivutwa hadi msumari wa pili kati ya ile iliyopigiliwa kwenye ubao, ikaachiwa, na gari la kuchezea la mwanawe likaenda kusimama kwenye mstari wa chaki. Maswali yalipangwa, majibu yakakaririwa. Anayejua atanyoosha mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili mkaguzi aone mikono tu na mwalimu ajue wa kumchagua.

Asubuhi ya ukaguzi mkewe, fundi cherehani, alimwonea huruma. Aliitupa lastiki iliyolegea, akampa mpya ya kiunoni.

"Chukua hii, baba watoto. Ile yako imechoka kuliko wewe."

Mkaguzi aliketi nyuma, suti imemkaa sawasawa. Andikeni akavuta hadi msumari ule ule, akaachia. Gari likaupita mstari kama halikuuona, likaenda kugonga kiatu cha mkaguzi.

"Kwa nini gari limesimama?" akauliza mwalimu, maana ndilo swali lililofuata.

"Kwa sababu limefika kwenye mstari!" darasa zima likaitikia.

Mkaguzi akakitazama kiatu chake. "Mbona mstari uko kule?"

Kiranja, mtoto mwenye adabu zake, akasimama. "Gari limekosea, mheshimiwa."

Mkaguzi akatikisa kichwa kukubali, akaandika. Hapo msichana mmoja wa dawati la kona akanyoosha mkono wa kushoto.

"Mwalimu, lastiki si ni mpya? Tukiivuta kidogo tu, gari halitasimama kwenye mstari? Tujaribu?"

Andikeni hakujua jibu. Miaka yote hiyo hakuwahi kujaribu, na cheo kilikuwa kimekaa pale nyuma kinamtazama.

"Hilo halimo kwenye somo la leo. Kaa chini. Andikeni."

Cheo alikipata. Mkaguzi alisifu nidhamu ya darasa, akashauri shule inunue gari lingine. Wenzake walipokwisha kumpongeza, Andikeni alibaki peke yake darasani, akaivuta lastiki hadi msumari wa kwanza, akaachia. Gari likasimama juu ya mstari. Alifurahi kama mtoto, kisha aibu ikamshika.

Kesho yake aliingia bila kusema neno lake. Alikwenda moja kwa moja hadi dawati la kona.

"Mwanangu, jana uliniuliza jambo zuri sana. Hebu rudia, gari lilivuka mstari kwa nini?"

Msichana akasimama wima, akanyoosha mkono wa kulia.

"Lilikosea, mwalimu."