Bano Yenye Mshipa Mwekundu

Siku tuliyokwenda Roret kujitambulisha kwa jamaa za mchumba wangu, nilikuwa na bano mfukoni. Mimi hukusanya bano, hizi gololi za kioo ambazo watoto huchezea mchangani, na kwa miaka mingi nimezoea kutembea na moja. Nikishikwa na wasiwasi huizungusha kati ya vidole bila hata kujua.

Ile ya siku hiyo niliipenda kuliko zote. Niliipata Kericho mjini, kwa mama anayeuza vyombo vya mitumba, ndani ya bakuli lililojaa vifungo. Ilikuwa nyeupe kama maziwa, lakini upande mmoja ulikuwa na mshipa mwekundu mzito, rangi ya damu iliyoanza kukauka, na pembeni mwa mshipa kulikuwa na uzi mweusi. Hakuna aliyekusudia itoke hivyo. Kiwandani wanapobadilisha rangi, kioo cha kwanza hubaki kidogo kwenye tanuri na kuingia katika kile kinachofuata. Zinatoka bano chache zenye mchanganyiko wa ajabu, kisha rangi inatakata, na hutapata tena nyingine inayofanana nazo. Hizo ndizo sisi wakusanyaji tunazitafuta.

Tulikuwa watu watatu: mimi, dada yangu mkubwa, na baba mdogo, aliyekuja kutusemea kwa kuwa baba alishaaga dunia. Wazazi wetu walitoka upande wa ziwa kuja kuchuma chai, nasi tukazaliwa huku, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mimi ni fundi wa mashine katika kiwanda cha chai. Kipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, nakijua vizuri tangu utotoni, lakini siku hiyo hakuna aliyeniuliza.

Upande wao aliyeongoza mazungumzo alikuwa baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee wa kanisa, mtu mrefu asiyependa maneno mengi. Tulipewa mursik, maziwa yao ya kibuyu, halafu chai. Mzee akauliza kuhusu kazi yangu na kanisa letu. Kisha akataka kujua sisi tukifa tunazikwa wapi. Baba mdogo akajibu kwamba baba yangu alizikwa nyumbani, upande wa ziwa. Mzee akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta: kumbe sisi si wa huku. Mchumba wangu alikuwa ameketi kando ya mama yake, macho chini.

Nafikiri ni swali hilo lililopeleka mkono wangu mfukoni. Nilishtuka mzee alipokatiza maneno yake.

"Kijana, ni nini hiyo uko nayo mkononi?"

Nikafungua kiganja. Mwanga wa dirishani uliipiga bano, na ule mshipa ukaonekana kama jicho lililovilia damu. Mama wa mchumba wangu akaweka kikombe chini. Shangazi wa mchumba wangu, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasema kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, kwamba hayo ndiyo mambo watu wa ziwani hutembea nayo, na kwamba msichana wetu tayari amefungwa kwa dawa.

Nililisikia kila neno. Nikajifanya sikusikia. Nikamweleza mzee habari ya tanuri na mabaki ya kioo, nikaona jinsi maneno yangu yalivyozidi kuwa mengi na mwenyewe nikizidi kuonekana mwongo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini mtu mzima, anayetafuta bibi, anabeba kitu cha watoto. Nikasema naipenda tu.

"Kama ni kioo, basi ivunjwe," alisema. "Tuone ndani."

Baba mdogo akaniambia kwa lugha yetu tuinuke twende. Alikuwa ameshashika kofia yake. Dada alinishika goti, sijui kama alikuwa ananizuia au ananituliza. Mchumba wangu aliinua kichwa akanitazama, na sikuweza kujua alitaka nifanye nini. Nikikataa, nitakuwa nimeficha kitu. Nikikubali, nitakuwa nimekubali kwamba walikuwa na haki ya kunishuku.

Nikamjibu mzee kwa Kipsigis. Nilimwambia nimesikia yote yaliyosemwa, na kwamba nitaivunja mwenyewe.

Shangazi akageuza uso.

Nyundo ililetwa kutoka stoo, tukatoka nje. Niliiweka bano kwenye jiwe la mlangoni. Pigo la kwanza liliteleza, bano ikaruka ikabingirika kwenye nyasi kuelekea kwa shangazi, naye akarudi nyuma akiwa ameshika sketi yake kwa mikono miwili. Hakuna aliyesogea kuiokota. Nilipoinama kuichukua, nilichukia kwamba wote walikuwa wananitazama. Dada akavua leso yake mabegani. Nikaifunga bano humo, nikapiga tena.

Tulipokunjua leso, ilikuwa imepasuka vipande vitatu vikubwa na vumbi. Wekundu ulikuwa umeingia mpaka katikati, umejikunja kunjo nyembamba, na chini yake kulikuwa na rangi ya kijani iliyofifia ambayo sikuwahi kuijua. Kwa nje haikuonekana kabisa. Mzee akaokota kipande kimoja, akakielekeza juani, akakitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Ni kioo," akasema.

"Ndivyo nilivyosema, mzee."

Akakirudisha kipande kwenye leso. Mama wa mchumba wangu akaja na ufagio, akamwambia mzee, shemeji yake, kwa Kipsigis kwamba hayo yanatosha, chakula cha wageni kinapoa. Akafagia jiwe lote, ndama wasije wakaumia. Tulirudi ndani, tukala, mazungumzo yakaendelea hadi tukakubaliana. Mzee alifunga kwa maombi marefu, akatushukuru kwa kuja. Habari ya bano hakuitaja, si siku hiyo wala baadaye.

Njiani tulipita Kapkatet. Hapo baba mdogo akaniambia nimekubali kuvuliwa nguo mbele za watu. Dada akasema hapana, waliovuliwa ni wao. Sikuunga mkono upande wowote.

Tumeoana sasa, tunaishi Kericho. Miezi kadhaa baada ya harusi mke wangu aliniuliza, tukiwa tunachambua mboga, kwa nini nilikubali. Nikamwambia nilifanya kwa ajili yake.

"Ungekataa, ningetoka na wewe," akasema. "Nilikuwa nimeshavaa viatu."

Akaendelea kukata sukuma. Ninamwamini, lakini siku ile, nikiwa nimekaa kwenye kiti kile, sikuiangalia miguu yake.