Mgonjwa Asiyelala

Bi Wanu, mshona nguo wa Mkunazini, ana miaka sitini na moja na hajakosa kitanda cha mgonjwa hata kimoja. Cha mwenzake, yaani. Akisikia mtu kalazwa, huvaa buibui, hujaza uji wa pilipili manga katika chupa ya chai, akaenda kumkagua. Huleta uji, dua na hukumu. Hukumu huitoa akishafika nje: "Huyu anaumwa," au "Huyu anataka machungwa tu." Kipimo chake ni kimoja: mgonjwa ni aliyelala. Anayekwenda msalani mwenyewe arudi kazini.

Kwa kipimo hicho, mwaka huu Bi Wanu alikuwa mzima kabisa. Alikohoa wiki tatu, kikohozi kikavu cha kukera; jioni mwili ulipata joto kidogo, na ngazi za nyumba yake alizipanda kwa vituo viwili. Alisema ni vumbi la nyumba ya jirani inayokarabatiwa. Alinunua amoksilini bila ya kumuuliza daktari, akaimaliza, akanunua nyengine. Vumbi halikusikia.

Lililomshughulisha ni Ijumaa. Mkwewe Khairat, mke wa mwanawe Hamid, alikuwa kwa mama yake Chukwani na mtoto wa kike, mjukuu wa kwanza wa Bi Wanu. Ijumaa hiyo mtoto angetimiza siku arubaini na kutolewa nje, na Bi Wanu alikwishautangazia mtaa kuwa atakayembeba ni yeye, si yule bibi mwengine. Nguo alikwishashona mbili, ya mtoto na yake. Yenye nakshi zaidi ilikuwa yake.

Jumanne alikwenda hospitali kumkagua Makungu, seremala. Makungu alikuwa na nimonia ya kuaminika: asubuhi alipiga randa, jioni akatetemeka kwa homa kali, makohozi yana rangi ya kutu, ubavu unamchoma kila akivuta pumzi, na sasa ana mpira wa oksijeni puani. Bi Wanu aliridhika.

"Pole, Makungu. Wewe unaumwa." Akakohoa, akakohoa tena, mpaka akashika chuma cha kitanda.

"Bi Wanu, leo nani kaja kumkagua nani?"

"Nyamaza. Mgonjwa hasemi sana."

Daktari Nassra, aliyekuwa akimwangalia mgonjwa wa kitanda cha pili, alimpa barakoa, akamsikiliza kifua, akampeleka kupiga picha. Picha ilionekana mgonjwa kuliko mwenyewe: ukungu mapafu yote mawili.

"Bi Wanu, una nimonia."

"Nimonia anayo Makungu. Mie nimekuja kwa miguu."

"Ndiyo tabia yake. Ya Makungu huvamia kwa kishindo, mara nyingi ikajaa sehemu moja ya pafu. Yako hunyemelea. Unakohoa wiki kadhaa, unachoka, homa ndogo, na huku unakwenda sokoni na harusini, unawagawia watu maradhi kwa kikohozi."

"Na dawa nshakula."

"Amoksilini hubomoa ukuta wa kijidudu. Chako nadhani ni kile kisicho na ukuta. Umempeleka mvunja nyumba kwenye uwanja mtupu." Akaandika dawa nyengine. "Nyumbani kuna mtoto mchanga?"

"Mjukuu wangu, yuko Chukwani. Ijumaa mie nambeba."

"Basi usimkaribie mpaka nikuone wiki ijayo."

Njia nzima alipanga udanganyifu: asali, tangawizi, barakoa, na saa moja tu ya kutokohoa. Nani angejua? Alipofika katikati ya ngazi zake alikohoa mpaka akakaa chini. Hapo hapo akampigia simu Khairat.

"Ijumaa siji. Nna nimonia."

"Mama, Fathiya kakuona jana sokoni unagombana na muuza pweza."

"Yangu ni ya kutembea."

"Ya kutembea!" Khairat alicheka. "Kama umenuna kwa sababu mtoto yuko kwa mama yangu, sema."

Jumatano Khairat alimtuma huyo Fathiya, dada yake, kuhakikisha. Fathiya alimkuta Bi Wanu kwenye cherehani, akarudisha habari Chukwani kuwa bibi ni mzima, ila kanuna.

Sasa Bi Wanu alikuwa amepatikana. Angeenda, angemtilia mtoto kikohozi. Asingeenda, angeonekana mwenye kijicho. Alhamisi saa nne asubuhi alitandika kitanda, akajilaza, akajifunika kanga mpaka kidevuni, akamwita Fathiya tena. Nguvu za kukaa alikuwa nazo. Fathiya alichungulia mlangoni, akajishika shavu.

"Masikini. Kumbe kweli anaumwa."

Picha ya kifua haikumshawishi mtu. Mto uliishawishi Chukwani nzima.

Ijumaa, baada ya sala, Khairat alipiga simu. Nyuma yake wanawake walikuwa wakipiga vigelegele.

"Nani kambeba?" aliuliza Bi Wanu.

"Mama yangu."

Bi Wanu aliiweka simu kando, akakohoa, akairudisha sikioni.

"Mama yako anakohoa?"

"Hakohoi."

"Basi mtoeni. Na jua lisimpige usoni."